Mnara wa redio amateur juu ya mwamba Mwanza, stei na athi naviweka wapi wakati hakuna udongo?

KijanaWaMawe
Wakuu habari zenu. Niko Mwanza, nyumba yetu iko kilimani, wale wanaoijua Mwanza mnaelewa nikisema kilimani, yaani ni mawe chini mawe juu, udongo unaupata kwenye nyufa tu na ile sehemu ndogo mama aliyopanda mchicha. Leseni ya amateur (redio ya mtu binafsi ya kujifunza na kujifurahisha, si ya biashara) kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo tayari, redio ya HF (mawimbi mafupi yanayofika mbali) ya wati 100 ninayo, na kaVHF (ka masafa ya karibu) ka megahezi 145 ninako. Ninachokosa ni antena ya maana, sahivi natumia waya nimeutundika dirishani, nasikia watu kibao ila wao hawanisikii.

Sasa kuna fundi wa kuchomelea hapa mtaani kaniambia anaweza kunitengenezea mnara wa pembetatu wa vyuma vya engo, mita 18, bei yake naiweza nikijikaza. Nilitaka juu kabisa niweke bimu (antena inayoelekezwa upande mmoja) ya bendi ya mita 20, yaani mita za urefu wa wimbi, nipate Ulaya na Marekani, chini yake antena ya VHF, na pembeni nivute daipoli (antena ya waya wenye mikono miwili) ya bendi ya mita 40 kwa ajili ya kuongea na watu wa hapa hapa Afrika Mashariki.

Maswali yangu ni haya. Stei, yaani nyaya za kushikilia mnara usianguke, nazifunga wapi kama siwezi kuchimba shimo? Athi nayo, ile njia ya kupeleka umeme ardhini, naipigilia wapi, ile rodi ya shaba nimejaribu inaingia kidogo halafu inagonga jiwe inakunja. Na la tatu ndo kubwa, mama yangu anasema mnara utatuletea radi nyumbani, na mvua za huku na radi zake mnazijua, sitaki kumbishia tu bila jibu. Kiwanja ni kama mita 20 kwa 25, na mbele barabarani inapita laini ya TANESCO. Naombeni msaada kwa mtu aliyewahi kusimamisha kitu kama hiki.

FundiMlingoti
Karibu sana kijana, swali zuri na umeuliza kabla ya kumlipa fundi, hapo umefanya la maana.

Kwanza tuongelee hizo mita 18. Watu wengi wakipata leseni wanawaza urefu wa mnara tu, lakini wewe umeshapewa urefu na kilima. Kwa VHF kuna hesabu rahisi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata takriban kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla ya upeo wa macho. Antena ikiwa mita 12 kwenye tambarare ni kama kilomita 14. Antena hiyo hiyo ikiwa juu ya kilima chenye mita 100 kutoka usawa wa ziwa ni zaidi ya kilomita 40, na mwenzako naye akiwa na antena juu mnaongeza za kwake. Sasa ukiongeza mita 6 za chuma juu ya hizo 112 umepata nini? Kilomita moja hivi, kwa gharama kubwa na hatari kubwa zaidi. Haina maana kabisa.

Kwa HF hivyo hivyo. Bimu ya mita 20 ukiiweka mita 10 au 11 juu tayari ni nusu ya wimbi, inafanya kazi vizuri, na kama kilima chako kinashuka upande wa kaskazini kuelekea ziwani basi mteremko wenyewe unasaidia mawimbi kuondoka chini chini kuelekea Ulaya. Daipoli ya mita 40 ndo kabisa, ukiiweka mita 10 ambayo ni robo ya wimbi, sehemu kubwa ya nguvu inapanda juu na kurudi chini ndani ya kilomita mia kadhaa, ndicho unachotaka kwa Nairobi, Kampala, Dodoma na Kigali.

Kwa hiyo ushauri wangu: bomba la chuma la mabati inchi mbili, jumla mita 10 mpaka 12, lenye bawaba chini ili uweze kulilaza. Narudia, LILALE. Antena ni kitu cha kurekebishwa kila mara na kama kila marekebisho yanataka mtu apande utaacha kurekebisha. Mabomba yanakuja mita 6, unaunganisha mawili, ila usiunganishe kwa soketi ya nyuzi peke yake maana zile nyuzi ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Ingiza bomba jembamba zaidi ndani, lenye urefu wa nusu mita hivi kila upande, halafu funga kwa bolti zinazopita. Ukichomelea unaunguza zinki na kutu inaanzia pale pale, kama lazima uchomelee basi paka rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Juu ziba, chini acha kitundu cha maji kutoka, kwa sababu bomba linaoza kwa ndani na kwa nje linakuonyesha sura nzuri tu.

Stei kwenye mwamba, hapo wewe una bahati kuliko mtu wa kwenye mchanga. Mwamba mzima wa granite ni nanga bora kuliko zege. Unatoboa kwa drili ya nyundo tundu la kama sentimita 30, nondo ya milimita 16 iliyokunjwa kichwa kuwa pete, unajaza epoksi ya nanga au saruji laini. Siri yake ni vumbi. Lile tundu lipulizwe na kusuguliwa mpaka vumbi liishe lote, vumbi likibaki gundi inashika vumbi haishiki mwamba na nondo inachomoka. Na hakikisha ni MWAMBA. Mwanza kwenu kuna yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine, linaonekana halisogei tangu dunia iumbwe lakini hujui limekaliaje, usifunge uhai wa watu pale. Gonga kwa nyundo, kama linalia kama tupu achana nalo.

Nanga tatu, nyuzi 120 kutoka moja hadi nyingine, umbali kutoka kwenye nguzo mita 7 au 8 kwa nguzo ya mita 10. Kiwanja chako kinatosha. Stei ziwe ngazi mbili, moja katikati na moja karibu na juu. Ukitumia waya wa chuma ukate vipande na katikati uweke vile vikombe vya kauri vyenye umbo la yai, ili waya usije ukawa antena wenyewe ukala mawimbi yako. Uzuri wa yai ni kwamba hata likipasuka waya mbili bado zimeshikana.

Kuhusu TANESCO: nguzo iwe mbali na laini angalau mara moja na nusu ya urefu wake wote ukijumlisha antena. Nguzo ya mita 12 ni mita 18. Pima kwa futi, usikadirie kwa macho. Kama haifiki, punguza urefu, laini haihami.

NyarKisumu
Habari ndugu yangu wa ng'ambo ya ziwa. Mimi niko Kisumu na nimefanya kazi ya minara ya simu, kwa hivyo hii story ya radi naijua kwa mikono yangu.

Mwambie mama yako ana haki ya kuogopa. Chuma kirefu juu ya kilima kinaongeza uwezekano wa radi kupiga hapo, asikudanganye mtu kwamba kuna kifaa cha kuizuia. Kazi yetu ni kuipa njia ya kwenda chini ambayo haipiti ndani ya nyumba. Na tena sisi wa ziwani tuko mahali pabaya. Mchana mawingu ya radi yanakaa nchi kavu kuzunguka ziwa, usiku upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka pande zote, unakutana na maji yenye joto, na dhoruba kubwa zinapiga kuanzia usiku mpaka alfajiri. Wavuvi wanajua hii kitu vizuri sana, wengi wamepoteza maisha yao. Kwako hiyo inamaanisha jambo moja, usingoje kusikia ngurumo ndo uamke ukachomoe waya. Chomoa kila usiku kabla ya kulala, na ukishasikia ngurumo karibu usiguse waya kabisa, acha redio iungue, redio inanunuliwa.

Sasa athi kwenye mwamba. Rodi haitaingia, achana nayo. Unafanya hivi. Pale unapomwaga zege la kushikilia bawaba ya nguzo, weka ndani nondo ya milimita 12 au zaidi yenye urefu usiopungua mita 6, unaweza kuikunja izunguke, ifunikwe na zege sentimita 5 kila upande, na ncha moja itoke nje kwa ajili ya kufunga. Zege linashika unyevu na linapitisha umeme vizuri kuliko jiwe kavu. Huu mtindo ulitoka kwa mhandisi mmoja wa Marekani anaitwa Herbert Ufer, wakati wa vita vya pili vya dunia alipewa kazi ya kulinda maghala ya mabomu kule Arizona, jangwani, mahali rodi za kawaida zilikuwa hazifanyi kazi kwa ukavu. Mpaka leo wengi wanaita athi ya Ufer.

Lakini juu ya mwamba usiiache hiyo peke yake. Toka kwenye mguu wa nguzo tawanya nyaya wazi nne au zaidi, mita 10 mpaka 20 kila moja vile kiwanja kinaruhusu, zifuate zile nyufa zenye udongo, zifukie sentimita 30 pale panapofukika. Moja ielekee kwa bustani ya mama, pale kuna maji kila siku. Umeme wa radi hautaki kona kali, kunja kwa mviringo. Kuhusu shaba, ukiiacha ikionekana wezi wa skrapu wataibeba, mimi napendekeza utepe wa chuma wa mabati, ni nafuu, hauna soko kwa mwizi, na haugombani na bomba lako la mabati. Shaba ikigusana na mabati moja kwa moja na mvua ikinyesha, zinki inaliwa.

Halafu kitu ambacho watu wanaruka na ndicho kinaua: athi zote za nyumba ZIUNGANE. Athi ya nguzo, athi ya stima ya nyumba, athi ya redio. Zikiwa mbali mbali radi ikipiga moja inapanda volti maelfu na nyingine iko chini, na tofauti hiyo inapita kwa redio yako au kwa mwili wako. Weka sahani moja ya chuma nje ya dirisha pale waya za antena zinapoingia, kila kebo ipitie aresta (kifaa cha kupeleka umeme wa radi kwa athi) iliyofungwa kwa hiyo sahani, na sahani iende kwa athi. Usiku unachomolea nje ya hiyo sahani, si ndani mezani.

Kupanda: kama nguzo inalala huhitaji kupanda, na nakuomba ibaki hivyo. Siku ukiwa na mnara wa kupanda, mkanda wa mwili mzima na kamba mbili, kila wakati moja imeshikilia kabla ya kufungua nyingine, na mtu chini anayejua kupiga simu ya msaada. Nimeona watu wazuri wakipanda na kamba ya kiunoni tu. Usifanye hivyo.

KijanaWaMawe
Aisee dada asante sana, na FundiMlingoti asante mkuu. Mita 18 nimeziacha, nimempigia fundi nikamwambia tunabadilisha. Nimempa mama simu asome mwenyewe hiyo ya radi, kasema bustani yake waya upite pembeni ya matuta usikate mizizi, kwa hiyo tumeelewana.

Bado nina mawili. Kebo ya antena nimeuziwa ile nyembamba ya RG-58, kutoka nguzoni mpaka chumbani ni kama mita 30, inatosha? Na matunzo yakoje, maana nikishasimamisha sijui nikague nini na lini. Karibu na uwanja wa ndege kuna ruhusa nyingine zaidi ya TCRA?

MtuWaTanga
Nikujibu la kebo kwanza. Kwa bendi ya mita 40 hiyo RG-58 inavumilika, unapoteza kidogo. Kwa megahezi 145 hapana. Mita 30 za RG-58 kwenye VHF zinakula kama desibeli 6, maana yake ukitoa wati 40 antenani zinafika 10, robo tatu imepasha waya joto tu. Tumia RG-213 au ile ya daraja la LMR-400 kwa VHF, hiyo 58 ibakize kwa daipoli.

Daipoli yenyewe: 143 gawanya kwa megahezi unapata mita. Kwa 7.1 ni mita 20 na kitu kidogo, kila mkono mita 10. Kata mirefu kidogo, 10.3 hivi, maana kukata zaidi unaweza kuongeza huwezi, halafu punguza pande zote mbili sawa mpaka mita ya SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena, namba ndogo ndo nzuri) ikuonyeshe imeshuka pale unapotaka. Kama unaweza kuazima NanoVNA, kale kakifaa kadogo ka kupimia antena, kazi inakuwa nyepesi sana. Ukiishusha mikono kama herufi V iliyopinduka pembe kati yao isipungue nyuzi 90, na ncha ziwe juu mita 3 watoto wasizifikie, zile ncha ndo zina volti kubwa kuliko sehemu yoyote ya antena na zinaunguza ngozi. Kamba za ncha usitumie ile ya kuvulia ya plastiki inayouzwa mwaloni, jua linaimaliza inakuwa unga mkononi. Naylon nayo inavutika ikilowa. Tafuta poliesta, nyeusi kama ipo.

Matunzo sasa, na mimi niko pwani chumvi inatufundisha haraka kuliko nyie. Adui mkubwa ni maji kuingia kwenye kebo. Konekta za PL-259 hazizuii maji hata kidogo, kwa hiyo kila kiungo cha nje kizungushie ile tepu ya mpira inayojigundisha yenyewe, ivute mpaka inyooke, juu yake tepu ya umeme ya kawaida kuizuia jua, uanze kuzungusha kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama vigae na maji yateleze. Kabla kebo haijaingia dirishani iache ishuke chini kidogo halafu ipande, maji yadondokee pale.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Kebo iliyoingia maji inaweza kukuonyesha SWR NZURI. Inapoteza nguvu kwenda na kurudi, kwa hiyo mawimbi yanayorudi yanafia njiani na mita inaona yamepungua. Mtu anafurahi antena imekuwa nzuri kuliko mwaka jana kumbe haitoi kitu. Siku ya kwanza antena ikiwa mpya andika SWR kwenye daftari, kila bendi, mwanzo, kati na mwisho. Baada ya hapo ukiona namba zimebadilika, ziwe mbaya AU nzuri, shuka ukakague. Fungua konekta uangalie nyaya za nje za kebo, zikiwa nyeusi kebo hiyo tupa.

Ukaguzi ufanye kabla ya vuli na kabla ya masika. Laza nguzo, angalia kutu kwenye viungo na kwenye bawaba, kaza nati, grisi kwenye bolti, kagua pete za stei kwenye mwamba kama kuna ufa kuzunguka. Zile klipu za waya za stei ziwe tatu kila ncha, na lile jino la U likae upande wa mkia uliokatwa, kile kitako kikae kwenye waya unaobeba mzigo, watu wengi wanageuza na waya unapondeka. Na baada ya kila dhoruba kubwa zunguka tu uangalie kwa macho, ukiona stei moja imelegea usiikaze kabla hujajua kwa nini imelegea.

Uwanja wa ndege, ndiyo, waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kama uko karibu na njia ya ndege, hasa wewe uko kilimani kwa hiyo nguzo fupi inaweza kuwa juu kuliko unavyofikiri. Uliza kwa maandishi na jibu ulihifadhi.

NgamboMpakaMuscat
Assalaam alaykum nyote. Mie Mzanzibari niko Muscat, huku redio ya amateur ina heshima yake kwa sababu marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa mpigaji redio, kitambulisho chake A41AA kinajulikana dunia nzima.

Yakhe nataka nikuongezee jambo moja ambalo halihitaji mnara. Kuna setelaiti ya Qatar, Es'hail-2, ilirushwa Novemba 2018, ndani yake kuna chombo cha amateur kinaitwa QO-100. Imekaa mahali pamoja juu ya ikweta nyuzi 26 mashariki, haizunguki ukaifukuza. Inaona Afrika yote, Ulaya, mpaka Brazil. Mie huku dishi langu limeinamia kusini-magharibi, lakini wewe Mwanza setelaiti iko karibu utosini, zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo, unainua dishi litazame juu na kidogo magharibi. Hakuna mti wala jirani wa kukuziba.

Kupokea ni rahisi, dishi la TV la sentimita 80 au 90, LNB ya kawaida (kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi) na kile kipokezi kidogo cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta, sauti zinashuka kwenye gigahezi 10.489. Kurusha ni gigahezi 2.4, hapo unahitaji vifaa zaidi na hakikisha leseni yako inakuruhusu bendi hiyo. Dishi lenyewe unalifunga kwenye mwamba kwa bolti nne, upepo haulisumbui sana na radi haina hamu nalo kama nguzo ndefu. Msimu wa radi ukiwa mkali nguzo ilaze, dishi liendelee. Ila aresta na athi ni zile zile, asikwambie mtu dishi limesamehewa.

KijanaWaMawe
Hiyo ya setelaiti sikuwahi kuisikia, naanza nayo kupokea wiki hii hii, dishi la zamani lipo juu ya paa. Swali la mwisho wakuu, siku ya kuinua nguzo tunahitaji watu wangapi na tunaanzaje? Bomba la mita 11 si jepesi.

FundiMlingoti
Watu watano wanaosikilizana, na mmoja TU ndiye anayetoa amri. Mzigo mkubwa kuliko wote ni pale mwanzo nguzo ikiwa bado imelala, kamba inavuta karibu sambamba na ardhi na haina nguvu ya kuinua. Ndo maana unaweka nguzo fupi ya kuvutia, mita 4 hivi, imesimama wima pale kwenye bawaba, kamba inatoka juu ya nguzo kubwa inapita kwenye ncha ya hiyo fupi kisha kwa wavutaji au winchi ya mkono. Stei za pembeni mbili zifungwe kabisa kabla ya kuanza, urefu wake umeshapimwa, zinazuia nguzo isianguke kushoto wala kulia. Hiyo itawezekana kama nanga hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja na bawaba na kwa usawa ule ule wa kimo, sasa kwenye mwamba wako wenye mteremko sidhani, kwa hiyo weka mtu kila upande alegeze polepole kadiri inavyopanda. Stei ya nyuma anaishika mtu wa nne, maana nguzo ikikaribia kusimama inataka kuendelea upande wa pili.

Inueni kwanza bomba tupu bila antena. Ilaze tena. Inua tena. Mkishazoea ndo mfunge antena. Hakuna mtu wala mtoto wala kuku chini ya eneo la kuangukia, upepo ukianza mnaahirisha, na asubuhi ndo wakati mzuri kabla upepo wa ziwani haujaamka. Ikishasimama kaza stei zote tatu kidogo kidogo kwa zamu, ukitumia waya wa chuma mkazo uwe kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukatika, isizidi, nguzo inyooke kwa timazi pande mbili.

Na nanga zile za mwamba zivute kwa winchi kabla ya siku hiyo, kila moja peke yake, kwa nguvu kubwa kuliko stei itakayobeba. Ikisogea hata kidogo toboa tundu jingine, mbali na lile la kwanza.